Kompyuta Inalia Pii-Pii: Anzia Hapa

Kwanza sikiliza sauti inatoka wapi. Stima ikipotea Kisumu, mara nyingi kinacholia ni UPS (kile kifaa cha betri kinachoshikilia kompyuta stima ikipotea) chini ya meza. Ikiendelea kulia hata stima ikirudi, betri yake imechoka au umeipa mzigo mkubwa. Printa ya leza usiichomeke hapo kabisa.

Kompyuta yenyewe ikilia unapoiwasha na skrini ni nyeusi, shuku RAM (kipande cha kumbukumbu ndani ya kompyuta). Izime, chomoa waya ukutani, bonyeza swichi ya kuwashia kompyuta sekunde 10 kumaliza umeme uliobaki. Gusa chuma cha kasha, toa RAM, sugua meno yake ya dhahabu taratibu kwa raba ya penseli: vumbi na unyevu huacha utando. Rudisha mpaka klipu ilie “tak”. Zikiwa mbili, jaribu mojamoja.

Inalia ukishaingia Windows? Tafuta kitufe cha kibodi kilichonata.