Somo: Ukuta unaotoa chumvi hautibiwi kwa rangi ya mafuta

Wapendwa, somo hili nimewaahidi muda mrefu. Kipupwe kimeshaingia na kazi yenyewe inataka siku kavu, basi tulianze. Ukilisubiri hadi masika utachosha mikono bure.

Mimi ni mpangaji, Ngamiani hapa Tanga, chumba na sebule kwenye nyumba ya zamani ya korido. Nilipohamia, ukuta wa upande wa uani ulikuwa umevimba kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno. Nikanunua rangi ya mafuta, nikapaka, ukuta ukang'aa. Masika ya kwanza tu ukatoka malengelenge. Nilibonyeza moja kwa kidole gumba: likapasuka, maji yakanichuruzika mpaka kiwikoni, na nyuma ya ganda la rangi kulikuwa na unga mweupe laini kama wa muhogo. Nikakwangua, nikapaka tena, ukarudia yale yale. Makopo mawili ya rangi yakapotea hivyo, na kabati langu la nguo likawa linanuka uvundo.

Aliyenifumbua macho ni bibi wa nyumba ya pili. Kuta zake ni za umri uleule, na hakuna hata ganda moja lililobanduka. Yeye hupaka chokaa kila mwaka kabla ya Ramadhani, basi.

Sababu yake ni hii. Maji ya ardhini hupanda ndani ya tofali kama chai inavyopanda kwenye andazi ulilolichovya ncha tu. Yakifika juu hutafuta pa kutokea, hukauka, na chumvi iliyokuwa ndani yake hubaki ukutani. Rangi ya mafuta huziba njia hiyo, kwa hiyo maji husukuma mpaka yaibandue. Chokaa haizuii maji, tuelewane hapo. Inayaacha yapite yakaukie hewani, na ukuta ukabaki mzima.

Hatua ya 1: Jua maji yanatoka wapi. Chukua kipande cha nailoni angavu, ukubwa wa daftari, ukibandike kwenye ukuta mtupu na uzibe kingo zote nne kwa utepe wa gundi. Kiache siku mbili. Ukikuta matone upande unaogusa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta. Yakiwa upande wa chumbani, ni mvuke wa chumba chenyewe, na somo la chokaa halitakufaa sana. Ruka uende hatua ya 6.

Hatua ya 2: Toka nje kwanza. Hapa wengi hawana subira. Zunguka nyuma ya ukuta ule ule uangalie. Kwangu maji ya bafuni yalikuwa yanatuama mguuni mwa ukuta, na udongo wa uani ulikuwa umepanda juu kuliko sakafu ya ndani. Tulichimba mfereji mdogo unaoteremka kwenda mbali na nyumba, tukaushusha udongo shibiri moja chini ya usawa wa sakafu, na ndoo za maua zikahamishwa. Jembe na nusu siku tu. Usipofanya haya, chokaa yako itakuwa kazi ya kila miezi mitatu.

Mwenye nyumba aambiwe mapema. Mwandikie ujumbe wa simu ili maneno yabaki, na ukiweza mkubaliane gharama ikatwe kwenye kodi.

Hatua ya 3: Kwangua. Toa rangi yote iliyolegea hadi uone lipu. Ule unga mweupe usioshe kwa maji, maana chumvi itayeyuka irudi ndani. Ufagie kwa brashi kavu, uuzoe, uutupe mbali na nyumba. Kisha acha ukuta wazi wiki mbili au tatu, madirisha wazi, na kila unga ukitokeza unafagia tena. Lipu iliyooza, ile inayomong'onyoka ukiigusa, itolewe na kuzibwa kwa mchanga na chokaa. Mchanga usiwe wa ufukweni, utakuwa umejiletea chumvi nyingine.

Hatua ya 4: Andaa chokaa. Nunua chokaa iliyokwisha kuzimwa, yaani iliyokwisha kutiwa maji ikachemka na kupoa, ya unga, ya mfuko. Ile ya mabonge inachemka ikiguswa na maji na imeshaunguza watu. Waachie mafundi wake. Sisi wa Tanga tuna bahati, mapango ya Amboni yenyewe ni mwamba wa chokaa, hatuagizi kitu cha mbali.

Fanyia kazi nje, funga kitambaa puani, vaa glavu na miwani. Chokaa ikiingia jichoni osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yametulia. Mimina chokaa ndani ya maji, koroga iwe kama uji mzito, funika, ilale usiku mzima. Asubuhi ongeza maji hadi iwe kama maziwa ya ng'ombe, kisha ichuje kwa kipande cha kanga kuukuu. Ukitaka weupe wenye ubaridi, tia bluu ya kufulia kidogo sana, ncha ya kijiko kwa ndoo.

Hatua ya 5: Paka nyembamba. Nyunyizia ukuta maji uwe na unyevunyevu, usitiririke. Brashi pana ya katani ndiyo yake. Paka mkono wa kwanza na usishtuke: hauonekani! Ni kama umepaka maji, lipu inachungulia kote. Kadiri inavyokauka ndivyo weupe unavyojitokeza, kwa sababu chokaa hugeuka jiwe taratibu ikikutana na hewa. Hapo ndipo mtu anapokosa imani akaongeza uzito wa chokaa, na ndipo anapoharibu. Subiri siku nzima, nyunyizia tena, paka mkono wa pili. Kesho yake wa tatu. Usiikaushe kwa feni wala usipake ukuta unaopigwa na jua la adhuhuri.

Hatua ya 6: Ukuta upate hewa. Kabati na kitanda visogezwe shibiri moja kutoka ukutani. Matundu ya hewa yaliyozibwa kwa magazeti kwa kuogopa mbu, yazibue uweke wavu.

Chumba changu sasa kina mwanga ambao sikuwahi kuulipia. Saa kumi na moja jioni jua la uani likigonga ule ukuta, sebule nzima inakuwa na weupe wa maziwa, nami nimehamishia kiti changu pale na kopo la mrehani dirishani. Nguo hazinuki tena.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwanachama, Kigamboni:* Dada, asante kwa somo. Ukuta wangu una rangi ya maji, haijabanduka yote. Naweza kupaka chokaa juu yake?

Hapana, ndugu yangu. Chokaa inataka kushika lipu yenyewe, juu ya rangi itachubuka. Kwangua sehemu ya chini iliyoharibika, paka hapo chokaa, na juu bakiza rangi yako. Ukichora mstari ulionyooka kwa kamba, itaonekana umekusudia.

*Mwanachama, Mombasa:* Dadangu, mimi nilipaka mwaka jana na kila anayeegemea anaondoka na mgongo mweupe. Kosa liko wapi?

Ama ulipaka nzito, ama ukuta ulikuwa mkavu ukainyonya chokaa maji kabla haijashika. Pitisha brashi kavu utoe vumbi lote, lowesha, kisha paka mkono mmoja mwembamba sana. Hata hivyo nyuma ya kochi weka mkeka wa ukutani. Chokaa nzuri nayo huacha alama kidogo kwa nguo nyeusi.

*Mwanachama, Unguja:* Assalaam alaykum. Nyumba yetu ya urithi ipo Mji Mkongwe. Fundi anashauri tupige lipu ya saruji chini ili kuzuia maji kabisa. Unaonaje?

Waalaykum salaam. Nakuomba msikubali. Kuta hizo ni za mawe ya matumbawe yaliyojengwa kwa chokaa, zimezoea kupumua. Saruji itayafungia maji ndani, nayo yatapanda juu zaidi na kuilainisha chokaa inayoshikilia mawe. Nje utaona uzuri, ndani ukuta unaoza. Tafuteni fundi wa chokaa, na kabla ya kugusa lolote fikeni kwenye mamlaka ya Mji Mkongwe, maana eneo lote ni urithi wa dunia tangu mwaka 2000 na matengenezo yanataka kibali.

*Mwanachama, Maskati:* Dada, huku kwetu ukungu mweusi uko nyuma ya kabati, ghorofa ya tatu. Nimefanya jaribio lako, matone yako upande wa chumba. Kiyoyozi kinakaa nyuzi 18 usiku kucha.

Basi ugonjwa umeshaujua. Ukuta umepoa mno, na hewa ya joto yenye mvuke ikipenya inageuka maji juu yake, kama inavyotokea kwenye gilasi ya maji baridi. Pandisha kiyoyozi hadi 24 au 25, kikiwaka funga madirisha, sogeza kabati, na nguo mbichi zisianikwe chumbani. Ukungu uliopo futa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, ukiwa umefunika pua, kisha ukaushe vizuri.

*Mwanachama, Muheza:* Shikamoo dada. Nina mtoto wa miaka miwili mwenye pumu. Nitahatarisha?

Marahaba mdogo wangu. Unga wa chokaa ndio hatari kwake, kwa hiyo siku za kukwangua, kuchanganya na kupaka alale kwa bibi yake, na arudi baada ya siku mbili tatu ukuta ukiwa mkavu na sakafu imepigwa deki. Muulize na daktari wake kwanza. Ukishamaliza nitumie picha ya ule ukuta, hasa mkono wa kwanza na wa tatu, niwaonyeshe wenzako tofauti.