SOMO: Kumpima mpigaji wa ligi ndogo kwa anavyougusa mpira

Wakuu, kila wiki kuna mtu ananitumia jina la kijana wa ligi ndogo za besiboli kule Marekani na swali lilelile: huyu hapigi hewa kabisa (gongo lake halikosi mpira), atatoboa Ligi Kuu? Naandika mara moja, tunzeni kiungo.

1. Fungua ukurasa wa mchezaji kwenye tovuti za takwimu, FanGraphs au Baseball-Reference. Bure.

2. Gawa straikauti zake (mara alizotolewa kwa straiki tatu) kwa zamu zake za kupiga; asilimia ikiwa ndogo, anaugusa mpira. Wastani wa Ligi Kuu siku hizi unacheza kwenye asilimia 22 hivi. Kama hajafikisha hata zamu 100, funga ukurasa ukalale.

3. Tazama umri na ngazi. Wa miaka 20 anayeugusa mpira Double-A (ngazi ya pili toka juu katika ligi ndogo; Triple-A ndiyo ya juu, Single-A iko chini) anapambana na wakubwa zake. Wa miaka 24 anayewatesa watoto Single-A si habari.

4. Tazama uwanja. Miji ya Reno na Albuquerque iko juu sana kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi: mpira uliopigwa unaruka mbali, na mrusho wa kupinda haupindi sawasawa.

5. HAPA NDIPO WATU WANALIWA. Kugusa mpira ni jambo moja, mpira unakwenda wapi baada ya kuguswa ni jambo jingine. Chukua wapigaji wawili, Nick Madrigal na Steven Kwan. Wote wametoka chuo kikuu cha Oregon State, walitwaa pamoja ubingwa wa vyuo 2018, na wote hawapigi hewa. Timu za Ligi Kuu zilipochagua vijana mwaka huo, Madrigal alikuwa wa 4, Kwan akasubiri hadi raundi ya 5. Mwaka 2019 Madrigal alipata straikauti 16 tu katika zamu 532, yaani asilimia 3, na besi za bure 44 (mara alizopewa besi ya kwanza baada ya mirusho minne mibaya). Ukiishia hapo unaona nyota. Lakini homurani (mipira iliyopigwa hadi nje ya uwanja) zilikuwa 4. Mrushaji wa Ligi Kuu asipoogopa kupigwa mbali anakutupia katikati ya boksi (eneo la straiki) mchana kweupe, basi besi za bure zinakauka na unabaki na vimpira vya chini kwa walinzi. Ndivyo ilivyokuwa, na majeraha yakaongezea. Kwan kabla ya kupanda alipiga homurani 12 mwaka 2021, Double-A na Triple-A. Si jitu, ila inatosha warushaji wamheshimu. Mwaka wake wa kwanza Ligi Kuu, 2022, besi za bure 62, straikauti 60.

Onyo: usisome straikauti bila homurani na besi mbili (mapigo yanayomfikisha besi ya pili) pembeni yake. Onyo la pili: kuna anayegusa kila kitu kwa sababu anazungushia gongo kila kitu, hata mpira wa kwenye kifundo cha mguu. Huyo mkimbie.

MASWALI

Chuma_Tanga: Mkuu nimepitia harakaharaka. Kwa hiyo asilimia ikiwa ndogo namsajili kwenye fantasi (mchezo wa kuunda timu ya kubuni)?
— Hatua ya 5. Polepole.

Mwana_Jinja: Vipi Mganda mwenzetu David Matoma wa timu ya Pirates, asilimia yake ikoje?
— Matoma ni mrushaji. Kichwa cha somo kinasema mpigaji.

BintiMwanga: Mbona Aaron Judge, yule nyota wa timu ya Yankees, alikuwa anapiga hewa sana na bado akatoboa? Somo haliangukii hapo?
— Swali zuri, dada. Alipoitwa Yankees 2016 alipata straikauti 42 katika zamu 95. Wengi walimfuta. Mwaka uliofuata: straikauti 208, homurani 52, besi za bure 127. Iangalie hiyo 127. Ni Madrigal kinyumenyume: warushaji wanamwogopa, hawathubutu katikati, naye ana subira ya kuacha mibaya ipite. Kwa hiyo kugusa mpira kunakuambia mchezaji hataporomoka kirahisi. Hakukuambii atapanda hadi wapi. Ila Judge ana futi 6 na inchi 7. Usimtumie kumtetea kila mpiga hewa.

Fundi_Takwimu: Niongeze: Baseball Savant, tovuti ya takwimu, wanaweka vipimo vya Triple-A tangu 2023, kasi ya mpira unavyotoka kwenye gongo. Hatua ya 5 inakuwa rahisi.
— Shukrani, hiyo ni dhahabu. Ila tangu 2023 hiyohiyo viwanja vyote vya Triple-A vina mtambo wa kuamua kama mrusho ni straiki, si jicho la mwamuzi tu, kwa hiyo besi za bure za kule zisome kwa tahadhari.

Chuma_Tanga: Mechi zenyewe mnaangalia saa ngapi? Zote saa nane usiku.
— Jumapili wanacheza mchana. Kwetu ni saa mbili na nusu usiku, unaangalia na chakula mezani.