Jinsi ya kusoma hesabu za mafuta ya Bahari ya Kaskazini ukiwa Hoima

Nafundisha jiografia hapa Hoima, magharibi mwa Uganda, na swali haliishi: "Mwalimu, hayo mapipa bilioni 6.5 ya Ziwa Albert, sisi tutapata nini?" Wanafunzi wanauliza, wazazi wao wanaouza samaki Kaiso wanauliza pia. Kabla sijagusa Kingfisher wala Tilenga, miradi yetu miwili ya mafuta, nawapeleka kwanza Norwei. Nchi ile imeanika hesabu za mafuta yake hadharani, eneo kwa eneo, na mwenye simu na bando kidogo anazifungua bila kulipa. Ukizoea kusoma za kwao, za kwetu hazikubabaishi.

Tafuta Sodir Factpages. Ni hifadhi ya Sokkeldirektoratet, idara ya serikali ya Norwei inayosimamia mafuta na gesi chini ya bahari. Chagua Kiingereza, ingia kwenye orodha ya maeneo ya uzalishaji, fungua Ekofisk, eneo la mafuta katika Bahari ya Kaskazini. Anza na hilo. Liligunduliwa 1969, likaanza kutoa mafuta 1971, na bado linatoa.

Utakutana na jina la kisima cha ugunduzi: 2/4-2. Bahari imegawanywa katika miraba ya digrii moja kwa digrii moja, na kila mraba Norwei wameukata vitalu 12. Basi 2 ni mraba, 4 ni kitalu, na 2 ya mwisho ni kisima cha pili cha utafutaji katika kitalu hicho. Ukiona herufi imekaa mahali pa namba hiyo ya mwisho, hicho ni kisima cha uzalishaji. Waingereza wao hukata mraba vitalu 30, kwa hiyo usichanganye ramani.

Sasa shuka hadi kwenye jedwali la akiba, na hapa usiharakishe. Kuna mafuta yaliyokuwemo mwambani tangu mwanzo, kuna yanayoweza kutolewa, na kuna yaliyobaki kutolewa. Yameandikwa kwa mamilioni ya mita za ujazo. Zidisha kwa 6.29 upate mapipa. Kisha chukua yanayoweza kutolewa, gawanya kwa yaliyokuwemo, zidisha kwa 100. Asilimia hiyo ndiyo ya kuandika kwa kalamu nyekundu.

Ekofisk mwanzoni walitarajia kutoa kama asilimia 17 tu. Mwaka 1987 wakaanza kusukuma maji ya bahari ndani ya mwamba kwa wingi, na matarajio yakapanda hadi karibu 50. Lakini mwamba ule ni chokaa laini, na mafuta yalivyotoka ulijibana, sakafu ya bahari ikadidimia. Mwaka huohuo wa 1987 ilibidi majukwaa ya chuma, yaliyosimama kwenye maji ya kina cha mita 70 hivi, yainuliwe kwa jeki mita 6 ili mawimbi yasiyafikie.

Rudi nyumbani na daftari lako. Bilioni 6.5 ni mafuta yaliyomo ardhini. Yanayokadiriwa kutoka ni bilioni 1.4. Gawanya: asilimia 21 na ushei. Darasa hunyamaza hapo, kwa sababu wengi walikuwa wameshagawana kichwani mapipa ambayo hayatatoka. Ila usiihamishie Ekofisk yao huku ukadai tupewe 50. Mwamba wetu ni wa mchanga, na mafuta yetu yana nta nyingi, yakipoa yanaganda. Ndiyo maana bomba la kwenda Tanga, kilomita 1,443, linapashwa joto.

Mwisho soma jedwali la wenye hisa. Mwendeshaji wa Ekofisk ni ConocoPhillips ya Marekani, lakini mwenye hisa kubwa zaidi ni TotalEnergies ya Ufaransa, karibu asilimia 40. Ndiyo hiyohiyo yenye asilimia 56.67 kwenye mafuta yetu. CNOOC ya China ina 28.33, na kampuni ya taifa letu, UNOC, 15. Watu wengi wanasimamia hapo na kusema tumepunjwa. Subiri. Petoro, inayoshika hisa za serikali ya Norwei, ina asilimia 5 tu Ekofisk, na bado serikali hiyo inavuna sana, kwa kuwa kodi ya faida ya mafuta kule inafika asilimia 78. Hisa peke yake haikuonyeshi fedha zinakokwenda.

Kwa hiyo mkutano ukiitishwa wilayani, nenda na maswali matatu yaliyoandikwa. Mapipa mnayotaja ni yaliyomo au yatakayotoka? Mwaka huu yametoka mangapi na yamebaki mangapi? Na ile asilimia 6 ya mrabaha (malipo ambayo kampuni huilipa serikali kwa mafuta zinayotoa) ambayo sheria ya fedha ya 2015 inazipa serikali za mitaa zenye mafuta, ya wilaya yetu imekokotolewaje? Omba jibu kwa maandishi.