Tangi la samaki linalotuma meseji: mwongozo wa kulinda joto la maji ukiwa mbali na nyumbani

Mwezi wa 11, msimu wa korosho, nilipanda Newala kufuatilia mnada nikakaa siku tatu. Nyumba yangu ipo Chikongola, Mtwara mjini, bati juu na dari hakuna. Niliporudi na kufungua mlango kulikuwa kimya. Pampu ya hewa, ambayo siku zote huvuma hata usiku, haikuvuma. Umeme wa luku ulikuwa umeisha. Kipimajoto cha kioo kilisoma nyuzi 33. Kati ya mbuna 14 wa Ziwa Nyasa niliowalea tangu wakiwa wadogo kama kucha ya mtoto, 11 walikuwa wameelea.

Tangu hapo sijaondoka nyumbani bila kifaa ninachokieleza hapa. Kinapima maji kila dakika, na kukiwa na shida kinatuma meseji ya kawaida, ile inayofika hata kwenye simu ya kitochi.

Hatua ya 1: Yajue maji yako kwanza

Kabla hujanunua chochote, chukua daftari na kipimajoto cha kioo. Kwa wiki nzima andika joto la maji saa 12 asubuhi, saa 9 alasiri na saa 3 usiku. Tangi langu la lita 120 huwa nyuzi 28 asubuhi na 31 alasiri mwezi wa pili, kaskazi ikiwa imepoa na hewa imesimama. Mwezi wa saba, kusi ikivuma, asubuhi hushuka hadi 23. Bila namba zako mwenyewe utaweka kikomo cha kubahatisha, na kifaa kitakuamsha kila siku bure hadi ukizime.

Mbuna hukaa vizuri kati ya nyuzi 24 na 28, guppy kati ya 22 na 28. Goldfish ni samaki wa maji ya baridi, hapendi kuzidi 24, kwa hiyo kwa joto la pwani yetu ya kusini namshauri mtu asimfuge kabisa.

Kinachoua mara nyingi si joto lenyewe. Ni pumzi. Lita moja ya maji baridi (yasiyo ya chumvi) yenye nyuzi 25 hubeba oksijeni miligramu 8.3 hivi, yakifika 30 hubeba 7.6. Wakati huohuo mwili wa samaki unafanya kazi kwa kasi zaidi na unataka oksijeni nyingi zaidi. Amonia nayo huwa kali zaidi maji yakipata joto. Ndiyo maana utawaona wamepanda juu, midomo ikichezacheza kwenye uso wa maji. Ukiwakuta hivyo, umeshachelewa kidogo. Mimi nimeweka onyo la kwanza kwenye nyuzi 30 na la pili 31.5.

Hatua ya 2: Vifaa

Unahitaji sensa ya joto aina ya DS18B20, ile iliyofungwa ndani ya kijiti cha chuma kisichopitisha maji. Bodi ya ESP32, yaani kompyuta ndogo itakayosoma sensa na kuamuru meseji itoke. Moduli ya laini ya simu SIM800L pamoja na antena yake. Betri moja ya 18650 na kibodi (bodi ndogo) cha kuichaji cha TP4056. Kibodi cha kupandisha volti hadi 5. Chaja ya simu. Rizista (vipunguza mkondo) za kilo-ohm 1, 4.7, 10 na 15; na kapasita (kihifadhi cha umeme wa muda mfupi) ya mikrofaradi 1000. Mimi niliagiza Kariakoo vikaja kwa basi.

Kwa nini laini ya simu na si Wi-Fi? Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za chini ya bahari ziliharibika na intaneti ikadorora nchi nzima kwa siku kadhaa. Meseji za kawaida hazipiti njia hiyo. Tena umeme ukikatika, ruta ya nyumbani huzimika nayo, na hapo hasa ndipo unapokihitaji kifaa. SIM800L hutumia 2G (mtandao wa simu wa kizazi cha pili) peke yake, kwa hiyo chagua laini ya mtandao unaoshika vizuri 2G mtaani kwako.

Hatua ya 3: Kuunganisha

Sensa ina nyaya tatu. Kwa kawaida nyekundu inakwenda kwenye volti 3.3 ya ESP32, nyeusi kwenye ardhi (GND), ya njano kwenye pini namba 4. Rizista ya 4.7 inakaa kati ya ya njano na nyekundu. Ukiisahau, hutapata usomaji wowote wa maana. Nimesema kwa kawaida kwa sababu sensa za bei nafuu huja na rangi tofauti. Ukiwasha, shika kijiti kwa vidole. Kikianza kuchoma, chomoa haraka, umegeuza nyaya.

SIM800L ndiyo inayowashinda wengi. Inataka volti kati ya 3.4 na 4.4, na inapotafuta mtandao huvuta mkondo hadi ampia 2 kwa kufumba na kufumbua. Ukiilisha kutoka pini ya 3.3 ya ESP32 itawaka na kuzimika bila kukoma, nawe utadhani ni mbovu. Iunganishe moja kwa moja na betri, kapasita ikiwa karibu na miguu yake. ESP32 ipate umeme kupitia kibodi cha volti 5. Waya unaotoka kwenye pini ya kutuma ya ESP32 kwenda SIM800L upitishe kwenye rizista ya kilo-ohm 1, na ardhi zote ziunganishwe pamoja.

Sasa waya mmoja ambao watu huuacha: kutoka kwenye volti 5 za chaja, pitia rizista ya 10 hadi pini namba 27, kisha kutoka pini hiyo rizista ya 15 hadi ardhi. Pini itaona volti 3 umeme ukiwepo na sifuri ukikatika. Mbuna wangu wangepona kwa waya huo tu. Pampu ilizimika saa nyingi kabla maji hayajachemka.

Kijiti kizamishe katikati ya kina cha maji, mbali na feni na hita. Kwa maji ya bahari usikizamishe kitupu, chumvi itakila. Kitie ndani ya mrija wa kioo ulioziba chini. Waya wowote unaotoka kwenye tangi kwenda kwenye umeme uache uning'inie chini kuliko soketi, halafu ndio upande. Tone la maji likitambaa juu yake litadondokea sakafuni badala ya kuingia kwenye soketi.

Hatua ya 4: Programu

Tumia Arduino IDE, programu ya kompyuta ya kuandikia maelekezo ya ESP32, ukiongeza maktaba (vipande vya programu vilivyoandikwa tayari) za OneWire na DallasTemperature. Kusoma joto ni mistari michache, na mifano imo ndani ya maktaba zenyewe. Kazi iko kwenye masharti.

Sensa ikikatika, maktaba hurudisha -127. Ikiwaka kabla haijapima, hutoa 85. Namba hizo mbili zitupe, zisihesabiwe kuwa joto. Zikiendelea kwa dakika tano, tuma meseji kwamba sensa imekufa.

Onyo litoke baada ya vipimo vitatu mfululizo kuzidi kikomo. Likishatoka, lisirudiwe mpaka maji yashuke chini ya 29.5 au zipite saa mbili. Bila sharti hilo, maji yakicheza kati ya 29.9 na 30.1 utapokea meseji arobaini usiku mmoja na bando litaisha.

Kabla ya kuiamini sensa, jaza chupa ya chai barafu iliyopondwa, ongeza maji kidogo, koroga, zamisha kijiti na usubiri dakika kumi. Inapaswa kusoma sifuri. DS18B20 inaruhusiwa kukosea kwa nyuzi 0.5 juu au chini. Ya kwangu ilisoma 0.4, nami naiondoa ndani ya programu.

Hatua ya 5: Laini na meseji

Laini uliyoisajili kwa alama za vidole itie kwanza kwenye simu ya kawaida, uondoe namba ya siri ya kufungulia, ujiunge na bando la meseji. Kisha itie kwenye moduli. Moduli huongozwa kwa amri fupi zinazoanza na AT, ambazo ESP32 huitumia. Amri ya AT+CSQ hukuonyesha nguvu ya mtandao. Mwisho wake ni 31, na chini ya 10 sogeza antena karibu na dirisha. AT+CMGF=1 huiweka kwenye hali ya maandishi, na AT+CMGS yenye namba ya mpokeaji hufungua nafasi ya kuandika. Maliza kwa herufi namba 26 ya orodha ya ASCII (Ctrl+Z), la sivyo meseji haitoki.

Kisha weka salamu ya kila siku. Kifaa changu kila saa 1 asubuhi huniandikia: "Salama. Maji 27.8. Umeme upo." Siku isipofika, najua kuna kitu: betri, bando, au laini. Kimya cha kifaa kisihesabiwe kuwa ni amani, kwa sababu kifaa kilichokufa nacho hukaa kimya.

Hatua ya 6: Mtu wa kupokea

Nikiwa Newala, zaidi ya kilomita 100 kutoka nyumbani, hata nikijua maji yamefika 32 siwezi kuyapooza. Lazima awepo mtu wa karibu mwenye ufunguo. Kwangu ni mama jirani.

Mara ya kwanza kifaa kilimtumia maneno haya: "ONYO! JOTO 31.6 CHUKUA HATUA." Nilipompigia akanijibu, "Mwanangu, mimi nimewazoea wale wa tuma hela kwenye namba hii. Nimefuta." Alikuwa sahihi kabisa. Namba ngeni, haisalimii, inaamuru.

Nikaandika upya, na namba ya kifaa nikamhifadhia kwenye simu yake kwa jina la Samaki. Sasa inasema: "Shikamoo mama. Maji ya samaki yamepanda, 31.6. Naomba uwashe feni na utie chupa moja ya barafu." Tangu hapo hajawahi kukosa kwenda.

Chupa ni moja kwa makusudi. Chupa ya nusu lita iliyoganda hushusha tangi la lita 120 kwa nyuzi 0.5 hivi. Nne kwa mpigo zitawashtua samaki, nao mshtuko huwaletea ugonjwa wa madoa meupe. Feni inayopuliza uso wa maji hupooza kwa kuyafanya yawe mvuke. Kwangu wakati wa kusi hushusha nyuzi 2. Mwezi wa pili na wa tatu, hewa ikijaa unyevu, haifiki hata 1.

Hatua ya 7: Chumvi, kisha majaribio

Hewa ya bahari hula viungo vya shaba. Lehemu kila kiungo, usitegemee kusokota nyaya, na funga kila kitu kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko. Kila miezi mitatu fungua uangalie kama kuna ukungu wa kijani.

Kisha jaribu. Chomoa chaja, meseji ya umeme ije. Zamisha kijiti kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, onyo lije. Chomoa waya wa njano, meseji ya sensa ije. Mwisho kiache kifanye kazi kwa betri peke yake usiku kucha, uone kama salamu ya asubuhi itafika. Yafanye yote siku moja kabla ya safari, na lile la kikombe ulifanye jirani yako akiwa amekaa hapo, simu mkononi.