Somo: Kupanga Mkutano wa Kikundi cha Vijana Wenye Mashindano ya Mashua Ndogo

Mashindano ya mashua ndogo yana sifa ambayo shughuli nyingi za kikundi hazina: mtoto huunda chombo kwa mikono yake, hukitia majini, na papo hapo maji humjibu kama amekiunda vyema au la. Jibu hilo halitoki kwa kiongozi wala kwa waamuzi, na ndiyo maana watoto hulipokea bila manung'uniko. Somo hili linahusu mkutano wa dakika 150 kwa watoto 16 wenye umri wa miaka 8 hadi 12, na msimamo wangu ni kwamba sehemu kubwa ya muda huo ipewe uundaji na majaribio kuliko mbio zenyewe: dakika 15 za ufunguzi, 70 za kuunda na kujaribu, 50 za mbio, na 15 za kufunga na kukausha.

Mbio ninazozielekeza ni zile zinazopendwa na skauti wadogo wa Marekani, ambao hushindanisha mashua ndani ya mifereji ya kukingia maji ya mvua, kila mtoto akiisukuma mashua yake kwa pumzi bila kuigusa.

Hatua ya kwanza: mada iwe swali

Mada kama "Bahari" ni pana mno, na mara nyingi kiongozi huishia kupamba ukumbi kwa karatasi za buluu huku shughuli zikibaki zilezile za kila siku. Chagua mada ambayo mtoto anaweza kuijibu kwa mashua yake, kwa mfano "Kwa nini chombo huelea?" Fungua mkutano kwa donge la plastisini: litumbukize kwenye karai la maji mbele ya watoto wote, litazama, kisha lifinyange donge lilelile liwe bakuli jembamba, uliweke taratibu juu ya maji, nalo litaelea. Usieleze upesi. Waache wabishane kwanza, kwa sababu uzito haukubadilika na wao wenyewe wameona hivyo.

Hapo ndipo kanuni ya Archimedes, aliyeishi zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, inapoingia kwa faida: maji hukisukuma chombo juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji ambayo chombo hicho kimeyaondoa mahali pake. Wakubwa kidogo waweza kupiga hesabu. Sentimita moja ya ujazo ya maji baridi ina uzito wa takriban gramu 1. Basi mashua yenye kitako bapa, urefu wa sentimita 18 na upana wa sentimita 6, ikizama sentimita 1 tu imekwisha kubeba gramu 108, yakiwemo mbao, mlingoti, tanga na gundi. Mtoto aliyepata hesabu hii haongezi mapambo ovyo.

Hatua ya pili: njia ya maji

Tafuta mifereji miwili ya plastiki au bati yenye urefu wa mita 3, uizibe ncha zote mbili, na uijaribu siku moja kabla, kwa kuwa kizibo kinachovuja kidogo huvuruga mkutano mzima. Mfereji wenye upana wa sentimita 10 ukijazwa maji ya kina cha sentimita 8 hubeba lita 24, yaani kilo 24. Miwili ni kilo 48, na uzito huo hauwezi kulazwa juu ya meza dhaifu au viti viwili tu. Weka mihimili angalau mitatu chini ya kila mfereji, kisha uhakikishe kwa pima maji kwamba umelala sawa, la sivyo kina kitakuwa kikubwa upande mmoja na mashua itagusa chini upande wa pili. Jaza maji baada ya mifereji kuwekwa mahali pake, kamwe si kabla.

Hatua ya tatu: kuunda

Kata vipande vya mbao laini nyumbani, watoto wasitumie msumeno mkutanoni, lakini usivichonge. Kazi ya kutoa umbo la omo, yaani ncha ya mbele ya chombo, kwa msasa ni yao. Upana usizidi sentimita 6, ili ibaki nafasi ya sentimita 2 kila upande wa mfereji. Povu gumu jeupe la kufungashia vyombo vya umeme pia hufaa, ila angalia gundi unayotumia, kwani baadhi ya gundi zenye harufu kali hulila povu hilo mpaka likatoboka. Gundi nyeupe ya karatasi nayo huachia ikilowa, isipokuwa imeandikwa kuwa inastahimili maji. Badala ya rangi ya mafuta, ambayo haitakauka kwa wakati, wape kalamu za nta. Nta huzuia maji kuingia kwenye mbao, na kipande cha mshumaa kikisuguliwa chini ya mashua hufanya kazi hiyohiyo.

Mambo matatu yanastahili kuelezwa kwa utulivu. La kwanza ni mahali pa mlingoti: ukisimamishwa mbele kidogo ya katikati, na kibao chembamba kikabandikwa chini upande wa tezi, yaani nyuma, mashua huenda moja kwa moja, kama mshale unavyonyooshwa na manyoya yake ya nyuma. La pili ni kimo cha tanga: tanga refu hukusanya pumzi nyingi lakini hukipindua chombo, na karatasi tupu hulegea ikipata matone machache, hivyo plastiki nyembamba ni bora. La tatu ni farumi. Mabaharia huweka uzito chini ya chombo ili kisiende mrama, na mtoto aweza kufanya vivyo hivyo kwa kubandika washa ndogo ya chuma (kile kiduara chenye tundu kinachowekwa chini ya nati) chini ya mkuku, yaani uti wa chini wa mashua, mradi kina kinachobaki kinatosha.

Hatua ya nne: karai la majaribio

Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote. Weka karai pana la maji kando ya meza ya kazi, na msaidizi mmoja asimame hapo muda wote. Mtoto hujaribu mashua bila mlingoti kwanza, hutazama kama inaelea sawa au inainama, huirudisha mezani, husugua upande mzito, kisha hurudi. Msaidizi asirekebishe kwa mkono wake; aulize tu, "Inainama upande gani?" na "Utafanya nini?" Utamwona mtoto akipiga magoti, jicho lake likiwa usawa wa maji, akisogeza plastisini kwa ncha ya kidole mpaka ukingo wa mashua ulale sambamba na maji. Mkutano usiompa mtoto nafasi hiyo umemnyima kilicho bora.

Hatua ya tano: mbio

Utaratibu wa kumtoa kila anayeshindwa mara moja huwaacha watoto 8 kati ya 16 wakikaa bure baada ya duru ya kwanza. Fanya duru tatu ambazo kila mtoto anashiriki zote. Duru ya kwanza wapangwe kwa kura. Ya pili na ya tatu, wenye pointi sawa wakutane. Kwa mifereji miwili utakuwa na mbio 8 kila duru, jumla 24, na baada ya duru ya tatu watabaki wawili ambao hawajashindwa, wakutane katika mbio ya mwisho. Kila mbio ikichukua dakika moja na nusu kwa wastani, utabaki na muda wa mapumziko mawili ya dakika 5, ambayo ni ya kurekebisha mashua na si ya kungoja. Kila mtoto apewe mrija wake mwenyewe wa kupulizia na asiupeane.

Kuhusu usalama: mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji ya sentimita chache, kwa hiyo maji yamwagwe mara tu mbio zinapokwisha, na nyaya za umeme zikae mbali na sakafu yenye unyevu.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, kikundi changu kina watoto wa miaka 6 na vijana wa miaka 15 pamoja. Wakubwa hawatachoka?*

Watachoka ukiwapa kazi ileile. Wape vijana changamoto ya kubeba mzigo: kwa kipimo kilekile cha mbao, waunde chombo kitakachobeba washa nyingi zaidi bila kuzama. Waruhusu kuunganisha miili miwili sambamba, kwani chombo cha namna hiyo hakipinduki kwa urahisi, na waache wagundue wenyewe nafasi inayofaa kati ya miili hiyo.

*Nina mtoto mwenye pumu. Je, nimwondoe kwenye mbio?*

Usimwondoe, ndugu yangu, wala usimtenge kwa kanuni ya peke yake. Tangaza kwamba kila mmoja anaweza kutumia pepeo la karatasi ngumu badala ya pumzi, bila kuyagusa maji. Hata watoto wasio na pumu hupata kizunguzungu wakipuliza mfululizo, kwa hiyo usimpange yeyote mbio mbili zinazofuatana. Feni ya umeme usiilete karibu na mifereji.

*Mzazi mmoja huleta mashua aliyoiunda yeye. Nimwambieje bila kumvunjia heshima?*

Mshukuru, na uipe mashua hiyo safari moja ya maonyesho kabla ya duru ya kwanza, bila pointi. Kisha umkabidhi mzazi kazi ya kutunza saa au karai la majaribio. Kanuni kwamba mashua zote za mbio huundwa mkutanoni itangazwe kwenye barua ya mwaliko, ili asiwepo anayedhani kwamba imetungwa kwa ajili yake.

*Mashua za kwetu huenda upande na kusugua ukuta wa mfereji. Tatizo ni nini?*

Mara nyingi mtoto anapuliza kutoka pembeni, au pumzi yake inapita juu ya tanga. Mwelekeze asimame nyuma ya mashua na kulenga katikati ya tanga karibu na mlingoti. Ikiwa bado inapinda, chunguza kibao cha chini: kikiwa kimebandikwa mshazari hata kidogo, kinafanya kazi ya usukani.

*Zawadi ziwe ngapi?*

Tatu zinatosha: ya kasi, ya mzigo, na ya marekebisho, ambayo hupewa mtoto aliyeibadilisha mashua yake kwa busara zaidi tangu jaribio la kwanza. Mwamuzi wa zawadi hii ya tatu awe yule msaidizi wa kwenye karai, kwa kuwa ndiye aliyeona jinsi kila mashua ilivyoingia majini mara ya kwanza.