Simu imejaa: jinsi ya kuipa memori kadi mzigo wa kweli bila kupoteza picha zako

Watu wengi wanaoniletea simu iliyojaa huwa wameshanunua memori na kuichomeka. Simu bado inalia haina nafasi, WhatsApp haipokei picha, programu hazisasishwi. Juzi nimemalizana na simu ya dada anayeuza nguo mtandaoni: hifadhi ya ndani GB 32 imejaa pomoni, na memori ya GB 64 imekaa humo tupu kabisa. Hakuna aliyemwambia kwamba memori ikichomekwa haifanyi kitu chochote yenyewe. Lazima uipangie kazi.

Mwongozo huu ni wa simu za Android zenye nafasi ya memori. iPhone haijawahi kuwa nayo, Google Pixel vilevile, na Samsung waliiondoa kwenye Galaxy S kuanzia S21 ya mwaka 2021. Tena tuelewane mapema: memori kadi haiongezi RAM, yaani ile nafasi ya muda ambayo programu zilizofunguliwa hufanyia kazi. Kama shida yako ni simu nzito, mwongozo huu hautakusaidia.

Hatua ya 1: Rudisha nafasi uliyopokonywa bila kujua

Kabla ya kutoa hela, ingia kwenye mipangilio utafute kile kinachoitwa "RAM ya ziada". Kwenye Tecno na Infinix kinaitwa MemFusion, kwenye Samsung kinaitwa RAM Plus. Kinachofanyika pale ni kwamba simu inakata kipande cha hifadhi yako ya ndani na kukitumia kama RAM ya kuazima. Kwenye simu ya GB 32 au 64, kipande hicho ni gigabaiti kadhaa unazozihitaji kuliko unavyohitaji RAM hiyo. Mimi huizima, au huishusha hadi kiwango cha chini kabisa, kisha nawasha simu upya.

Hatua ya 2: Nunua memori inayofaa

Tafuta alama ya A1 usoni mwa kadi. Alama hiyo ina maana kadi inaweza kusoma vipande vidogovidogo angalau mara 1,500 kwa sekunde na kuandika mara 500, na hiyo ndiyo kazi ambayo programu za simu zinaifanya mchana kutwa. Kadi iliyoandikwa namba 10 ndani ya herufi C inakuhakikishia MB 10 kwa sekunde za kuandika mfululizo tu. Kwa video inatosha, kwa programu haikuambii chochote. A2 ni bora zaidi kwenye karatasi, lakini inataka simu inayojua kuitumia, na simu nyingi za bei ya kawaida hazijui. Usilipie tofauti hiyo.

Kwa ukubwa, GB 64 inawatosha wengi. Usishtuke simu ikikuonyesha 59 na pointi: kiwanda kinahesabu gigabaiti kwa elfu elfu, wakati simu au kompyuta inaweza kuhesabu kwa 1,024.

Hatua ya 3: Pima memori kabla ya kuiamini

Hapa ndipo muda wangu mwingi umeishia, na hapa ndipo watu wanaporuka. Tafadhali usiruke.

Memori bandia zimejaa kila mahali, kuanzia Aggrey pale Kariakoo hadi Luthuli Nairobi, na majina makubwa ndiyo yanayoghushiwa zaidi kwa sababu ndiyo yanayouzika. Ujanja wenyewe uko hivi: ndani ya kadi kuna kichipu kinachoiambia simu ukubwa wa kadi. Mghushi anakipanga kiseme GB 128 wakati nafasi halisi ni GB 8 au 16. Utaichomeka, simu itaandika 128, utafomati na itakubali, utanakili picha na hakuna ujumbe wa kosa utakaotokea. Ile nafasi halisi ikishajaa, picha mpya zinaandikwa juu ya zile za zamani au zinatupwa kabisa. Majina ya mafaili yanabaki kwa kuwa orodha yake inakaa mwanzoni mwa kadi, penye nafasi ya kweli. Ndiyo maana mtu anafungua albamu ya harusi na kukuta majina yote yapo, ukubwa wa kila faili upo, lakini picha ni kijivu kitupu au nusu yake ya chini imekatika.

Kwa hiyo kuangalia ukubwa kwenye mipangilio si kupima. Kufomati si kupima. Vile viprogramu vya simu vinavyosoma namba ya kiwanda ya kadi navyo si kipimo, maana namba hiyo nayo inaghushiwa. Kipimo cha kweli ni kimoja: kuijaza kadi yote hadi mwisho, kisha kusoma kila kilichoandikwa na kulinganisha.

Kwenye Windows natumia H2testw. Ni ya bure, ni ndogo, haihitaji kusakinishwa. Inafunguka kwa Kijerumani, lakini juu yake kuna sehemu ya kuchagua Kiingereza. Toa memori kwenye simu, itie kwenye kidude cha kusomea kadi, uchomeke kwenye kompyuta. Usijaribu kupima kwa kuunganisha simu na waya wa USB, kwa sababu kwa njia hiyo kompyuta haiioni kadi kama diski. Chagua diski ya memori, acha ipime nafasi yote iliyopo, bonyeza kitufe cha kuandika na kuhakiki. Itatengeneza mafaili ya gigabaiti moja moja yanayoitwa 1.h2w, 2.h2w na kuendelea, kisha itayasoma tena moja baada ya jingine. Wenye Linux au Mac watumie F3: amri ya f3write ikifuatwa na njia ya kadi, halafu f3read na njia ileile.

Sasa tahadhari, maana zipo nyingi:

Kadi iwe tupu. Kama ina vitu vyako, vinakili kwanza kwenye kompyuta na uvifungue vitatu vinne kuhakikisha vinafunguka, ndipo uvifute kwenye kadi.

Inachukua muda. Kuandika GB 64 kwa kasi ya MB 20 kwa sekunde ni karibu saa nzima, na bado hujasoma. Kadi ikiwa ya MB 10, zidisha mara mbili. Zima ile tabia ya laptopu kulala ikiachwa, la sivyo utarudi ukute kipimo kimekatika katikati.

Umeme ukikatika baada ya kuandika kumalizika, huna haja ya kuanza mwanzo. H2testw ina kitufe cha kuhakiki peke yake kinachosoma mafaili yaliyokwisha kuandikwa.

Ukipata makosa, usikimbilie kumvaa muuzaji. Badilisha kidude cha kusomea au adapta, chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta bila kigawanyio cha USB, upime upya. Vidude vya bei poa vinaharibu data hata kadi ikiwa nzima. Lakini ukiona maandishi mekundu yanayosema sehemu fulani ni sawa na sehemu nyingine kubwa ni DATA LOST (data imepotea), na sehemu iliyo sawa inakaribia GB 8, 16 au 32, basi hiyo ni bandia, hakuna mjadala. Piga picha ya matokeo na uirudishe dukani. F3 ina amri ya kuipunguza kadi ibaki na ukubwa wake halisi. Siitumii, kwani kadi iliyodanganya ukubwa siwezi kuiamini kwa kingine.

Angalia pia kasi ya kuandika inayotajwa mwishoni. Chini ya MB 10 kwa sekunde, ibaki ya kuhifadhi picha na miziki tu.

Kipimo kikiisha, futa yale mafaili ya h2w. Dukani mimi huuliza kabla ya kulipa: ikipimwa ikaonekana bandia, mnapokea? Anayenung'unika sinunui kwake.

Hatua ya 4: Chomeka

Zima simu, vuta kisahani cha laini, weka, washa. Kama kisahani kina nafasi mbili tu, ya pili huwa ni ya laini au memori, si vyote viwili. Amua unachoacha.

Hatua ya 5: Chagua njia kati ya mbili

Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, simu inaweza kuitumia memori kwa namna mbili. Ya kwanza ni kadi ya kubebeka: unaitoa, unaitia kwenye kompyuta, vitu vyako vinaonekana. Ya pili ni kuiunganisha iwe sehemu ya hifadhi ya ndani, hata programu zikae humo.

Ya pili inavutia, na ndiyo inayoombwa zaidi. Mimi huanza kwa kuikataa, na sababu ni hii: simu ikiiunganisha kadi, inaifomati upya na kuifungia kwa usimbaji, yaani data inageuzwa fumbo lisilosomeka bila ufunguo. Ufunguo wa kufungulia unakaa ndani ya simu yenyewe, hauko kwenye kadi wala kwenye akaunti yako ya Google. Simu ikifa ubao, picha zilizo kwenye kadi zimekufa nayo, hata kama kadi ni nzima. Ukisahau nywila na fundi akarisiti simu, yaani akairudisha ilivyotoka kiwandani, ufunguo umefutika. Ukiflashi, yaani ukiingiza mfumo wa simu upya, vilevile. Hakuna fundi wa kuirejesha, na anayekuahidi anakula hela yako. Ukiitia kadi hiyo kwenye kompyuta, itakuomba uifomati. Usikubali kama simu bado ipo hai, maana ukiirudisha simuni itasomeka.

Kwa hiyo: kama kinachojaza simu yako ni picha, video na miziki, chukua njia ya kwanza. Kama ni programu na magemu yenyewe, na simu ni ya GB 16 au 32, njia ya pili ina maana, mradi picha zako zina nakala mahali pengine. Samsung nyingi hazina njia ya pili kabisa. Kwenye Tecno, Infinix na itel inategemea toleo. Usishangae jirani yako akiwa nayo na wewe huna. Zipo amri za kuilazimisha kupitia kompyuta kwa ADB (programu ya kutuma amri kwenye simu ya Android), na nimewahi kuzitumia, lakini kwa simu ya kazi ya kila siku sizipendekezi. Mtengenezaji akishaifunga, simu inaweza kuonyesha ukubwa wa uongo na kukataa kuhamisha programu.

Hatua ya 6, njia ya kwanza: Ipangie memori kazi

Fungua kamera, ingia mipangilio yake, badilisha mahali pa kuhifadhi iwe kadi ya SD. Fanya vivyo hivyo kwa Netflix, Spotify na ramani za Google za nje ya mtandao. Zote zina mahali pa kuchagua kadi.

WhatsApp haina, na ndiyo mla nafasi mkuu. Tumia Files by Google. Fungua hifadhi ya ndani, kisha Android, media, com.whatsapp, WhatsApp, Media. Humo anza na folda ya WhatsApp Video, halafu WhatsApp Images. Ndani ya kila moja kuna folda ya Sent yenye nakala za vile ulivyotuma wewe. Kwa mfanyabiashara, picha moja ya gauni iliyotumwa toka kwenye albamu inakaa mara mbili. Simu ya yule dada ilipumua kwa kufuta Sent ya video peke yake. Vinavyobaki na unavyovihitaji, chagua na uvihamishie kwenye kadi. Fahamu kwamba ukivihamisha, ndani ya mazungumzo vitaonekana havipo, na vya zamani havitapakuliwa tena. Folda ya Databases usiiguse. Hiyo ndiyo nakala ya mazungumzo yako.

Hatua ya 6, njia ya pili: Kuunganisha

Chaji simu ivuke nusu, na iache kwenye chaja. Nakili kila kilicho kwenye kadi, kitafutwa chote. Nenda Mipangilio, Hifadhi, gusa jina la kadi, vitone vitatu juu, kisha chagua kuifomati iwe hifadhi ya ndani. Simu itapima kasi yenyewe. Ikikuonya kwamba kadi inaonekana kuwa ya polepole, ishia hapo, urudi njia ya kwanza. Ukilazimisha, kila programu itakayokaa humo itakuwa inaganda.

Mwishoni itauliza kama ihamishe vitu sasa. Kubali, kisha usiiguse simu hadi imalize. Programu unazihamisha baadaye moja moja: Mipangilio, Programu, chagua programu, Hifadhi, Badilisha. Hamisha magemu na programu za video. Ziache ndani M-Pesa, za benki, WhatsApp na kibodi. Programu ambayo haina kitufe cha kubadilisha, mtengenezaji wake hakuiruhusu.

Hatua ya 7: Kutoa memori

Ya kubebeka: iondoe kwanza kwenye Mipangilio, Hifadhi, ndipo uvute kisahani.

Iliyounganishwa haitolewi kwa kuhamia simu mpya, kwani simu mpya haitaisoma. Ingia Hifadhi, gusa hifadhi ya ndani ya simu, vitone vitatu, hamisha data irudi ndani. Programu nazo zirudishe moja moja. Nafasi isipotosha, sukuma picha kwenye kompyuta kwa waya wa USB kwanza. Ukishahakikisha zinafunguka huko, ifomati kadi iwe ya kubebeka, na hapo ndipo unaweza kuitia kwenye simu mpya au kumpa fundi ile ya zamani airisiti.