Kusasisha BIOS ya kompyuta ya nyumbani bila kuiua

BIOS ndiyo programu dhibiti inayoamka kabla ya Windows, ikaitambua prosesa, RAM na diski. Inakaa kwenye chipu ndogo, mara nyingi ya miguu minane, iliyolehemewa kwenye mazabodi, yaani bodi kuu inayounganisha sehemu zote za kompyuta. Ukisasisha, chipu hiyo hufutwa na kuandikwa upya kipande kwa kipande. Umeme ukikatika katikati, kinachobaki ni nusu ya programu: feni zitazunguka, skrini itabaki nyeusi. Uandishi wenyewe ni dakika chache. Maandalizi ndiyo yape saa nzima.

Kwanza uwe na sababu: prosesa mpya ambayo mazabodi haiijui, tundu la usalama lililotangazwa, au hitilafu unayoipata na imetajwa kwenye maelezo ya toleo jipya. Mwenye kompyuta ya mezani yenye Intel Core i7 au i9 ya kizazi cha 13 au 14 asisite. Kasoro ya volteji iliyokuwa ikizila prosesa hizo polepole ilishughulikiwa kwa mikrokodi (maelekezo ya ndani ya prosesa) 0x129 ya Agosti 2024, kisha 0x12B ya Septemba, na njia yake ya kawaida ni BIOS mpya. Haiponyi prosesa iliyokwisha kuharibika, hivyo kuchelewa kuna hasara. Kama huna sababu ya aina hii na kompyuta inakwenda vizuri, iache. Toleo lenye alama ya beta nalo liache.

Sasa jua una mazabodi gani hasa. Bonyeza Windows na R, andika msinfo32, kisha nakili kwenye karatasi mistari ya "BaseBoard Product" na "BIOS Version/Date". Herufi moja hubadilisha kila kitu: B550 na B550M ni mazabodi mbili tofauti. Kwa Gigabyte, angalia pia namba ya "Rev" iliyochapwa kwenye kona ya mazabodi yenyewe, kwa sababu jina moja linaweza kuwa na marekebisho kadhaa, kila moja na faili lake. Laptopu itafute kwa namba ya mfululizo iliyo chini yake. Pakua kwenye tovuti ya mtengenezaji tu, na usome maelezo ya matoleo yote yaliyo kati ya lako na jipya. Baadhi hudai upitie toleo la katikati kwanza, na mengine hayakubali kurudishwa nyuma.

Wengi huumia kwenye BitLocker, kufuli ya Windows inayosimba diski nzima. Ufunguo wa diski iliyofungwa hutunzwa na TPM, chipu ya usalama ya kompyuta, nayo huipima programu dhibiti kila kompyuta inapowaka. Ikikuta imebadilika, hugoma kuutoa, na Windows hukudai tarakimu 48. Usiseme "mimi sijawahi kuwasha BitLocker": Windows 11, hata ile ya Home, inaweza kuifunga diski yenyewe ulipoingia kwa akaunti ya Microsoft. Fungua account.microsoft.com/devices/recoverykey, nakili tarakimu hizo kwenye karatasi, kisha fungua Command Prompt kama msimamizi na uandike:

manage-bde -status C:
manage-bde -protectors -disable C: -RebootCount 0

Amri ya kwanza huonyesha kama diski imefungwa, ya pili husimamisha ulinzi kwa muda. Sifuri hiyo ina kazi. Bila hiyo ulinzi hurudi kompyuta ikiwaka upya mara moja tu, na usasishaji unaweza kuiwasha mara kadhaa. Mafaili yasiyo na nakala yahamishie diski ya nje kabla hujaendelea.

Umeme: angalia kwanza yuniti za LUKU au tokeni zilizobaki. Usianze wakati wa mvua ya radi, wala usitegemee jenereta, kwa maana zile sekunde chache kabla haijashika zinatosha kuharibu. Kompyuta ya mezani iwe kwenye UPS (kifaa cha betri kinachoshika umeme ukikatika), na UPS ipimwe: kompyuta ikiwa imewaka, chomoa UPS ukutani uone kama inashika dakika kumi. Betri iliyochoka huonyesha taa ya kijani kisha ikazima papo hapo. Laptopu iwe na betri iliyojaa na chaja ikiwa imechomekwa.

Ingia kwenye BIOS kwa kubonyeza Del au F2 kompyuta inapowaka, na upige picha kila ukurasa wa mipangilio kwa simu. Kama RAM inaendeshwa kwa XMP au EXPO, mipangilio ya kuiongezea kasi, irudishe kwenye kasi ya kawaida. RAM inayoyumba inaweza kulichafua faili linapoandikwa. Flashi ya USB ya kubebea faili iwe imefomatiwa kwa FAT32, GB 32 au chini yake, na faili lililokwisha kufunguliwa kutoka kwenye zip liwe nje ya folda yoyote. Tumia chombo kilicho ndani ya BIOS: EZ Flash kwa ASUS, M-Flash kwa MSI, Q-Flash kwa Gigabyte, Instant Flash kwa ASRock. Kwa kompyuta ya mezani, usiandike BIOS kutoka ndani ya Windows, kwani Windows ikiganda imekwenda na BIOS. Laptopu za Dell, HP na Lenovo zina programu zao, ambazo kwa kawaida huandaa faili tu na kuliandika baada ya kuwasha upya. Kwenye Linux jaribu fwupdmgr refresh, kisha fwupdmgr update.

Ikianza, usiguse kitu. Skrini kuzimika, feni kupiga kelele na kompyuta kujiwasha mara mbili tatu ni kawaida. Yenye RAM ya DDR5 inaweza kukaa gizani dakika kadhaa ikiipima RAM upya. Subiri nusu saa kabla ya kukata tamaa.

Ikiwaka, rudisha mipangilio kwa kufuata picha zako. Windows ikigoma kwa ujumbe wa INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, usiisakinishe upya: mara nyingi mpangilio wa diski kwenye BIOS umehamishwa kati ya AHCI na RAID au VMD, urudishe ulipokuwa. Kwenye prosesa ya AMD ukiulizwa kuhusu kufuta fTPM (TPM iliyo ndani ya prosesa), usibonyeze Y kabla karatasi ya tarakimu 48 haijawa mkononi. Mwisho andika manage-bde -protectors -enable C:

Ikifa kabisa, tafuta nyuma ya kompyuta kitufe cha Flashback, kinachoandika BIOS upya kutoka kwenye flashi. Kinafanya kazi bila RAM wala skrini, ila flashi ikae kwenye tundu lililowekewa alama na faili liwe na jina linalotakiwa: MSI.ROM kwa MSI, GIGABYTE.bin kwa Gigabyte. Laptopu nyingi za HP hujiokoa ukishikilia Windows na B unapowasha. Za Dell, shikilia Ctrl na Esc huku ukichomeka chaja. Ikishindikana, mpelekee fundi mwenye mashine ya kuandika chipu, umsisitizie asome na kuhifadhi yaliyomo kabla hajafuta. Kwenye laptopu, humo ndimo ilimo namba ya mfululizo na mara nyingi leseni ya Windows. Na ahakikishe kama chipu ni ya volti 3.3 au 1.8, maana ya 1.8 ikipewa 3.3 inaweza kuungua hapo hapo.